Wiki Sita Kabla ya Mtihani: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Mtoto wa Msingi Kudurusu Kusoma

Muhula wa tatu ukifika katikati, duka la fotokopi hapa Lamu halipumui. Kila mzazi anataka karatasi za mitihani iliyopita. Mtoto anabebeshwa karatasi kumi, anaweka alama A, B, C, D mpaka usingizi umchukue, na matokeo yakija ufahamu uko pale pale. Mwaka unaofuata ni hivyo hivyo.

Karatasi hizo hupima, hazifundishi. Mtoto anayekwama kwenye "kung'ang'ania" atakwama katika karatasi ya kwanza na atakwama katika ya kumi. Jambo la kufanya ni kujua anakwama wapi hasa, kisha kushughulika na hapo tu, dakika ishirini kwa siku.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa gredi ya pili hadi ya sita. Si lazima uwe mwalimu. Dada yake aliye sekondari anaweza kuusimamia, na mara nyingi ana subira kuliko sisi wazazi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Vitabu viwili vya hadithi: kimoja cha gredi yake, kimoja cha gredi iliyo chini yake. Kile cha chini usikidharau, ndicho kitakachofanya kazi kubwa wiki mbili za mwanzo. Kama nyumbani hamna, kuna maktaba ndani ya Ngome ya Lamu, na mtandaoni kuna African Storybook yenye hadithi za bure za Kiswahili zilizopangwa kwa viwango.
- Kartoni tupu ya sabuni au ya biskuti, ukate kadi za ukubwa wa kiganja.
- Kalamu nzito ya kuandikia kadi, penseli, na daftari moja la kumbukumbu zako wewe, si la mtoto.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na ya kurekodi sauti.
- Kipande cha karatasi ngumu cha kufunikia mistari.
- Taa ya kuchaji. Stima ikipotea kazi isisimame.
- Karatasi mbili tu za mtihani uliopita, uzifiche mpaka wiki ya sita.

Wakati unaofaa kwa watoto wengi wa hapa ni kati ya magharibi na isha. Kabla ya hapo mtoto ametoka shule akaingia chuoni, yaani madrasa, na kichwa kinahitaji kupumzika kidogo. Baada ya isha analala amekaa. Siku ambayo chuo kimefungwa mnaweza kuhamia alasiri, barazani, penye mwanga na upepo.

## Hatua ya 1: Pima anakwama wapi

Fanya hivi siku ya kwanza, na usimwambie ni mtihani. Mpe kifungu asichowahi kukiona. Unaweza kukiandika hiki kwa mkono, herufi kubwa na zilizoachana:

> Mwanaisha aliamka kabla ya adhana. Baba alikuwa ameshatoka na mashua usiku kwenda kutega nyavu. Mama alimpa kikapu, akamwambia, "Nenda gatini ukamngoje babako." Alipofika, upepo ulikuwa ukivuma kwa nguvu na maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye ngazi. Mashua nyingine zilikuwa zimefungwa. Mwanaisha alikaa, akakumbatia kikapu, akatazama baharini bila kupepesa macho. Jua lilipochomoza aliona tanga jeupe kwa mbali. Aliruka, akapiga kelele peke yake.

Kina maneno 60. Anzisha saa anapotamka neno la kwanza. Usimsaidie, ila akikwama neno moja kwa sekunde tano mwambie aliruke. Dakika ikitimia, weka alama kwenye neno alilofikia, kisha umwache amalize kwa raha zake. Toa maneno aliyokosea. Yaliyobaki ndiyo kasi yake.

Kwa nini kifungu kipya? Watoto wetu wana hifadhi kubwa. Mtoto aliyezoea kuhifadhi sura chuoni humeza ukurasa wa kitabu cha shule kwa kusikia wenzake wakiusoma, kisha anakusomea hapo nyumbani bila kuziangalia herufi. Ukiwa na shaka, funika picha, weka kidole kwenye neno la katikati ya ukurasa na umuulize ni neno gani. Akirudi mwanzo wa mstari na kuanza kuimba mpaka alifikie, basi ameukariri, hajausoma.

Akimaliza, chukua karatasi na umwambie, "Haya mwanangu, nihadithie." Kaa kimya. Andika anayosema.

Sasa utamwona yuko wapi kati ya hapa:

Anapasua maneno kwa shida, hasa yenye konsonanti zilizofuatana. Anzia Hatua ya 2.

Anasoma maneno yote lakini moja moja, kwa sauti bapa, chini ya maneno 45 kwa dakika. Ruka uende Hatua ya 3. Namba hiyo ya 45 ndiyo iliyotumiwa kama kipimo cha msomaji fasaha wa Kiswahili katika Tusome, programu ya Kenya ya kufundisha kusoma, iliyoanza mwaka 2015 kwenye madarasa ya chini. Kwa Kiingereza ilikuwa 65. Usishangae Kiswahili kuwa chini. Neno letu moja kama "ukamngoje" ni sentensi nzima kwa Mwingereza. Mtoto wa gredi ya tano au ya sita anatakiwa awe ameshaipita kwa mbali.

Anasoma vizuri, ila akihadithia anataja kikapu na mashua basi. Huyu ndiye anayewachanganya wazazi wengi, kwa sababu akisoma mbele za watu anapendeza. Nenda Hatua ya 4.

### "Mato" si kosa la kusoma

Hapa nasimama kidogo, maana watoto wanaonewa. Mtoto wa Mkomani au Langoni, mitaa ya hapa Lamu, akifika kwenye "bila kupepesa macho" anaweza kusoma "bila kupepesa mato". Atasoma "ndia" penye njia, "ndaa" penye njaa, "mtanga" penye mchanga. Asiyejua Kiamu, lahaja ya Lamu, humwekea mkasi na kumwambia hajui kusoma.

Tazama alichofanya. Ameona herufi, amepata maana, ametamka kwa lugha ya nyumbani kwao. Ameelewa kuliko yule aliyetamka "macho" sawasawa huku hajui ni nini. Katika daftari lako neno hilo lizungushie duara, usilipige mkasi, na usilitoe kwenye hesabu ya kasi. Watoto wa Kibajuni kutoka Faza na Kizingitini nao wana matamshi yao. Wafanyie vivyo hivyo.

Ila mtihani umeandikwa kwa Kiswahili sanifu, na kwenye kuandika "mato" itahesabiwa kosa. Kwa hiyo mwishoni mwa kifungu rudini kwenye maduara. Mwambie: "Nyumbani twasema mato. Hapa kitabu kimeandika vipi?" Asome herufi alizoziona. Inatosha, bila kumcheka na bila kumkaripia.

## Hatua ya 2: Silabi ngumu peke yake

Usimrudishe mtoto wa gredi ya tatu kwenye a, e, i, o, u kama anazijua. Ataona aibu na utapoteza wiki. Pitia makosa uliyoandika, toa silabi zilizomshinda, hizo tu ndizo za kadi.

Kwa kawaida huwa ni zinazoanza na herufi hizi: mbw (mbweha), nyw (kinywaji), chw (machweo), shw (alioshwa), ndw (kupendwa), ngw (ngwena), na ng' (ng'ombe, kung'aa). Upande mmoja wa kadi andika silabi, upande wa pili neno. Kadi sita kwa siku zatosha. Anasoma silabi, anageuza anasoma neno, kisha anatunga sentensi kwa mdomo. Sentensi ni lazima, kwa sababu silabi isiyo na neno haikai kichwani, na neno asilolitumia halikai pia.

Ng na ng' usizifundishe siku moja. Anza na ngazi, ngoma, ngalawa. Siku ya pili ng'ombe, ng'oa, ng'ambo. Siku ya tatu ndipo uchanganye kadi. Ukizichanganya mapema atabahatisha, na kubahatisha ni tabia ngumu kuitoa.

Kwa dh, th, gh na kh una bahati. Mtoto anayekwenda chuoni sauti hizo anazo tangu mdogo. Maalim alishamaliza kazi. Andika "gh" kwenye kadi, mwambie hii ni ghaini, basi. Ghali, dhambi, thamani na kheri atazisoma jioni hiyo hiyo.

Maneno marefu yanataka karatasi ya kufunikia. Funika "akakumbatia" lote, ufunue kidogo kidogo: a, ka, ku, mba, ti, a. Kisha alisome zima bila kukata. Angalia sana "m" inayosimama peke yake, kama u-ka-m-ngo-je ndani ya "ukamngoje". Watoto wengi huiruka na sentensi ikabadilika maana: "ukangoje" na "ukamngoje" si kitu kimoja.

Tahadhari: dakika kumi, si zaidi. Zinazobaki msomee hadithi wewe, yeye asikilize.

Utajua amefaulu akisoma kadi 18 kati ya 20 zilizochanganywa bila kusita, siku mbili mfululizo. Asipofika ndani ya wiki mbili endelea na Hatua ya 3 kwa kitabu cha gredi ya chini, kadi ziwe za dakika tano za mwanzo.

## Hatua ya 3: Kusoma kwa ufasaha

Chagua aya moja, maneno 60 hadi 100. Aya hiyo hiyo kwa siku tatu.

1. Siku ya kwanza msomee wewe, kidole chako kikifuata maneno. Kisha msome pamoja kwa sauti moja. Kisha asome peke yake.
2. Siku ya pili asome mara mbili, umrekodi mara ya pili. Msikilize pamoja. Usiseme lolote, mara nyingi atajisahihisha mwenyewe akijisikia.
3. Siku ya tatu hesabu dakika moja, uandike kasi daftarini.

Kurudia aya moja kunawachosha wazazi kuliko watoto. Sababu ya kurudia ni kwamba macho yanazoea kulishika neno zima badala ya silabi, na akili inapata nafasi ya kufuata maana.

Alama za uandishi ndizo zinazosahaulika. Nukta ni kusimama na kuvuta pumzi, koma ni kupumzika kidogo, alama ya kuuliza inapandisha sauti. Mtoto aliyeanza tajwidi, kanuni za kusoma Qurani, anajua waqfu, yaani mahali pa kusimama. Anajua ukisimama pasipo mahali pake unaharibu maana. Mkumbushe kuwa na hapa ni hivyo hivyo, nukta ndiyo waqfu yake.

Tahadhari: saa isiwe mashindano. Kasi ikipanda na makosa yakipanda pamoja nayo, ifiche simu siku mbili.

Utajua amefaulu ukifumba macho na kuweza kusikia ni wapi Mama anaposema na Mwanaisha. Kasi peke yake haitoshi.

## Hatua ya 4: Ufahamu

Alama nyingi zinapotea hapa, basi tumieni hapa wiki mbili kamili. Kosa kubwa lina sura moja: mtoto anaona neno kwenye swali, analitafuta kwenye kifungu, analipata, ananakili sentensi iliyo karibu. Kwa maswali rahisi anapata, ndiyo maana tabia yenyewe haifi.

Rudini kwenye kifungu cha Mwanaisha na muulize maswali haya kwa mpangilio huu.

Mama alimpa Mwanaisha nini? Jibu limo ndani ya mstari. Aweke kidole kwenye neno lenyewe. Swali la aina hii lisichukue muda.

Kwa nini mashua nyingine zilikuwa zimefungwa? Kifungu hakisemi "kwa sababu". Inabidi aunganishe sentensi hii na iliyotangulia yenye upepo na maji. Mfundishe kuuliza, "Kabla ya hapo palisemwa nini?" Mtoto wa kisiwani ana msaada hapa, ameona kwa macho mashua zikifungwa upepo ukichafuka. Mruhusu aseme anachokijua, halafu aonyeshe kinachokiunga mkono kwenye kifungu. Bila ushahidi wa kwenye karatasi jibu halijakamilika, hata likiwa kweli.

Mwanaisha alikuwa akijisikiaje alipokuwa amekaa? Wengi watajibu, "Alikaa akakumbatia kikapu." Usimwambie amekosa. Mwambie, "Naam, hicho ndicho alichofanya. Mtu hufanya hivyo akiwaje?" Mwache akae hivyo mwenyewe, akumbatie mto, atazame mlangoni bila kupepesa. Atasema "ana hofu" au "ana wasiwasi". Sasa muulize ni maneno gani mawili yaliyomwambia. Akiyataja bila msaada wako, hilo ndilo ulilokuwa ukilitafuta.

"Kukumbatia" maana yake nini? Kwanza alitafute neno kwenye sentensi, alifunike, na aseme ni kitendo gani kingefaa kukaa mahali pake. Kisha, akipewa majibu manne, ajaribu kuliweka kila moja kwenye sentensi na kuisoma. Neno kama "tanga" usihangaike nalo, mtoto wa Lamu analijua kabla hajaanza shule. Tafuta yale ya bara: maporomoko, mabonde, zizi, reli. Hayo ndiyo yatakayokuwa mageni kwake.

Kichwa kipi kinafaa? A. Mashua. B. Kumngoja Baba. C. Upepo Mkali. D. Kikapu cha Mama. Kila kimojawapo kimetajwa, na huo ndio mtego. Mfundishe kuuliza: kichwa hiki kinaishika hadithi yote au kipande? Upepo unaonekana katikati tu. Kikapu kipo mwanzo na katikati. Kumngoja baba kunaanzia Mama anapomtuma mpaka tanga linapoonekana.

Tangu hapo kila jioni kifungu kipya kimoja, maswali matano ya aina hizi tano. Baada ya siku nne geuza kibao: yeye atunge maswali, wewe ujibu. Mjibu vibaya kwa makusudi mara moja moja, unakili sentensi kama wafanyavyo wao, uone kama atakukamata. Mtoto anayeweza kutunga swali lisilo na jibu la moja kwa moja hatishwi tena na maswali ya hivyo.

Tahadhari: usimsomee kifungu ndipo umuulize. Hapo unapima kusikiliza, ni ujuzi mwingine.

Utajua amefaulu akipata maswali manne kati ya matano, siku tatu mfululizo, na kila jibu ameonyesha pa kulitolea.

## Hatua ya 5: Kiingereza kidogo kila siku

Kuanzia gredi ya nne masomo karibu yote, ukitoa Kiswahili na dini, yanaulizwa kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kujua hesabu na akakosa kwa kutoelewa swali.

Msikilize akisoma "table" au "make". Akisema "tabule" na "ma-ke" anatumia kanuni za Kiswahili, ambako kila herufi ina sauti yake. Usimlaumu, kanuni ni sahihi, lugha ndiyo si yenyewe. Mpe maneno kumi ya kawaida kwa wiki, ayaone, ayasikie kwa anayeyatamka vizuri, ayatafute kwenye kitabu chake cha hesabu au sayansi. Dakika tano zinatosha. Zaidi ya hapo utakula muda wa Hatua ya 4.

## Hatua ya 6: Wiki ya karatasi

Sasa zitoe zile karatasi mbili. Moja mwanzoni mwa wiki, nyingine siku tatu baadaye, kwa saa, mezani, bila kuongea.

Ya kwanza ni ya kuzoea namna. Asome maswali ya ufahamu kwanza, kisha kifungu, kisha maswali tena. Swali likimshinda aliwekee nukta na kusonga. Akisharudi, afute majibu mawili ambayo hayawezekani kabla ya kuchagua. Mwonyeshe pia kulinganisha namba ya swali na namba ya nafasi ya jibu, maana kuruka nafasi moja kunaharibu majibu yote yanayofuata.

Ya pili isahihisheni pamoja, lakini usihesabu alama. Panga makosa kwa aina: moja kwa moja, kuunganisha, hisia, msamiati, kichwa. Aina moja ikiwa na makosa mengi, siku zilizobaki ni za hiyo.

Mtoto wa gredi ya sita anafanya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya KNEC (Baraza la Mitihani la Kenya), iliyoanza mwaka 2022. Haimzuii kwenda gredi ya saba. Mwambie hivyo waziwazi, kwa sababu wapo wanaotishwa kuwa watabaki, na mtoto mwenye hofu husoma swali mara tatu bila kuliona.

Jioni ya kuamkia mtihani hakuna kifungu kipya. Asome hadithi anayoipenda, kwa sauti, amsomee bibi yake, alale mapema. Asubuhi ale, achukue penseli mbili na raba.

Ripoti ikija, usiishie kwenye "kufikia matarajio" au "kukaribia matarajio". Nenda shule, mwombe mwalimu akuonyeshe karatasi ya ufahamu yenyewe, uyapange makosa kwa zile aina tano kwenye daftari lako. Aina yenye makosa mengi ndiyo utakayoanzia nayo Januari, na safari hii hutahitaji kungoja muhula wa tatu.